Deni la Lugha

Msomaji wangu, nataka nikuulize swali ambalo huenda kwanza likakuchekesha. Mtu ameacha nyumba ya wazazi wake, amevuka bahari, amefika katika nchi asiyoijua ili awatumikie bure watu wasio wa ukoo wake wala wa lugha yake. Mchana kutwa hufanya kazi iliyomleta. Usiku, wenyeji wanapokwisha kulala, huwasha taa na kufungua kitabu cha kujifunza lugha. Na lugha hiyo si ya wenyeji wake, bali ni ya babu zake mwenyewe, ambayo aliianza utotoni kwao akaiacha kwa uvivu na kwa kuona haya. Je, mtu huyo atenda jambo la busara au la upuuzi? Lugha aliyoikimbia ilipokuwa mlangoni pake, kwa nini aifuate sasa, akiwa mahali ambapo hapana hata mtu mmoja wa kumjibu?

Swali hili sikulibuni. Nilikutana nalo Chebunyo, katika kaunti ya Bomet, nchini Kenya. Asiyepajua mahali hapo na asikie kwanza habari zake. Ukitoka Kericho, mashamba ya chai hukusindikiza pande zote mbili za barabara, yamekatwa sawasawa kama zulia, na mvua haikawii kunyesha. Makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda chai huko kwa wingi katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo wenyeji walinyang'anywa, na hata leo chai ndiyo sifa ya nchi hiyo. Lakini ukiendelea kusini, ukaupita mji wa Bomet na kushuka upande wa Chepalungu, chai hupungua kisha hukoma. Hewa huwa ya joto zaidi, ng'ombe huwa wengi, mahindi hushika mahali pa chai, na mbele yako ni nchi ya Wamasai. Huko ndiko iliko Chebunyo. Wenyeji ni Wakipsigis, jamii moja katika jamii zinazoitwa kwa pamoja Wakalenjin. Ukifika nyumbani kwao utapewa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, nawe ukishukuru kwa neno moja tu, kongoi, watu watafurahi kana kwamba umewapa ng'ombe.

Mgeni niliyemtaja alikuwa kijana kutoka Wales, nchi ndogo ya milima iliyopakana na Uingereza kwa upande wa magharibi. Alikuja kwa mwaka mmoja kusaidia katika shule ya msingi, pasipo mshahara. Desturi ya vijana wa ng'ambo kuja kujitolea kwetu si mpya. Chama cha Waingereza kiitwacho VSO kilianza mwaka 1958, na Peace Corps ya Marekani mwaka 1961, na wazee wengi wa Kenya wakumbuka mwalimu wao wa kwanza wa hesabu au sayansi aliyekuwa kijana wa namna hiyo. Hospitali ya misheni ya Tenwek, karibu na Bomet, kwa miaka mingi imepokea madaktari watokao mbali ili watibu kwa kujitolea. Wala usidhani kwamba kujitolea kuliletwa na wageni. Wakipsigis wana kokwet, yaani ujirani wa nyumba zinazosaidiana katika kujenga, kupalilia na kuamua magomvi. Na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ililifanya neno harambee kuwa wito wa taifa. Tofauti ni hii, kwamba anayejitolea kwao hulipwa kesho kwa jembe la jirani yake. Anayejitolea ugenini hatarajii malipo hayo, na kwa sababu hiyo watu humsifu zaidi, pengine kupita kiasi.

Mimi sikumsifu. Nilikuwa nimekwenda Chebunyo kwa likizo, kumwona shangazi yangu, na niliposikia kwamba mgeni yule hukesha na kitabu cha Kiwelisi nilikuwa mmoja wa waliomcheka. Tena sikucheka kimoyomoyo. Nilimwambia wazi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wewe jembe umelishika, twakushukuru, lakini saa zako za usiku nazo ni za wenyeji wako. Kama una nguvu ya kujifunza lugha, jifunze Kikipsigis, ili mama anayekuletea mtoto shuleni aweze kusema nawe. Kiwelisi kitakungoja nyumbani.

Naona hata sasa kwamba hoja hiyo haikuwa mbaya. Mwenye kujitolea ambaye mwili wake uko hapa na moyo wake uko kwao ni mtumishi nusu. Lakini jibu lake lilininyamazisha. Alisema kwamba Kikipsigis alikuwa akijifunza kila mchana, na walimu wake ni watoto. Na ni watoto hao hao waliomwamshia lugha ya kwao. Siku moja alimwona mtoto mdogo akikemewa darasani kwa kusema neno la Kikipsigis, akamwona ameinamisha kichwa, na papo hapo akakumbuka hadithi iliyokuwa ikisimuliwa nyumbani kwake na yeye huipuuza: hadithi ya kibao.

Kibao hicho kilikuwa kipande cha ubao chenye herufi mbili, W na N, kilichotumiwa katika shule nyingi za Wales katika karne ya 19. Mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa shingoni. Njia pekee ya kukivua ilikuwa kumsikia mwenzake akitenda kosa lilo hilo na kumpasia. Aliyekuwa nacho jioni alipigwa. Tazama ujanja wake, msomaji: mwalimu hakuwa na haja ya kuwavizia watoto, maana watoto walivizana wenyewe kwa wenyewe, na kila mmoja alijifunza kuliogopa sikio la rafiki yake.

Labda wewe mwanafunzi wa Kenya hukuhitaji kwenda hadi Wales kukijua kibao hicho. Katika shule niliyosoma mimi, mjini Nakuru, katika miaka ya 1970, tulikuwa nacho, na tulikiita diski. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza habari za jambo hilo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na ukoloni, naye alisoma upande mwingine kabisa wa nchi. Kwetu diski ilimwandama mtu kwa lugha yoyote isiyokuwa Kiingereza, hata kwa Kiswahili hiki unachokisoma. Nilivishwa mara nyingi, na sikuwahi kuvishwa kwa Kikipsigis. Sababu yake ni kwamba sikukijua.

Hapa sina budi kusema kidogo juu yangu, kwani hoja yangu yasimama juu yake. Baba yangu alizaliwa Chebunyo akaenda Nakuru kufanya kazi ya reli. Nyumbani alisema nasi Kiswahili, na tulipokua alituhimiza Kiingereza. Hakutuzuia Kikipsigis kwa fimbo. Alituzuia kwa kutotupa. Kila Desemba tulikwenda kwa nyanya, ambaye wajukuu wote walimwita kogo, naye hakujua lugha nyingine ila yake. Tuliamkiana kwa neno moja, kisha baba akawa mkalimani. Nyanya akisimulia kwa robo saa, baba alitupa sentensi mbili. Binamu zangu wa kijijini walicheka kabla hadithi haijafika kwetu, na ilipofika ilikuwa imepoa. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nyanya aliugua. Jioni moja niliachwa naye peke yangu chumbani, akanishika mkono, akasema maneno, si machache. Aliyasema polepole, kama mtu anayetaka yahifadhiwe. Mimi nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nimeelewa. Usiku ule alikufa, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeyasikia.

Siku ya pili ya mazungumzo yetu, mgeni yule aliniuliza jina la mti uliokuwa kando ya njia, mti wenye majani mapana ambayo hugeuka rangi ya machungwa kabla ya kuanguka. Nilikuwa nimeuona maisha yangu yote. Nilimwambia, huo ni mti tu. Mtoto mmoja aliyekuwa nyuma yetu amebeba kuni alisema, tebeswet. Mgeni alitoa daftari akaandika. Kongoi, akamwambia mtoto. Mimi niliyekuwa mwenyeji nilisimama kati yao wawili kama mtu aliyesahau jina lake.

Sasa turudi kwa Wawelisi, maana habari zao zafunza. Mwaka 1536 sheria ya mfalme wa Uingereza iliamuru kwamba asiyejua Kiingereza asishike kazi ya serikali katika Wales, na mahakama zitumie Kiingereza. Mwaka 1847 maofisa watatu waliotumwa kukagua shule, ambao Kiwelisi hawakukijua, waliandika kwamba lugha hiyo ndiyo kizuizi cha maendeleo na hata cha maadili mema ya watu. Wawelisi wengi walikasirika, na hasira hiyo yakumbukwa hadi leo. Lakini wengine walisadiki. Hesabu ya watu ya mwaka 1911 ilipata wasemaji karibu 977,000, zaidi ya watu 40 katika kila 100. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata karibu 538,000, yaani chini ya watu 18 katika kila 100. Hata jina la nchi yao kwa Kiingereza latokana na neno la kale lenye maana ya wageni: waliitwa wageni katika nchi yao wenyewe, hali wao hujiita Cymry, watu wa nchi moja. Mambo haya hayakosi ndugu. Wakipsigis nao waliitwa Lumbwa na serikali ya kikoloni, jina ambalo si lao, na stesheni ya reli iliyoitwa Lumbwa siku hizi yaitwa Kipkelion.

Lakini lililo gumu zaidi katika habari hizo ni jambo ambalo watetezi wa lugha hupenda kulipita haraka. Kibao hakikuamriwa na sheria yoyote. Kiliwekwa na walimu, wengi wao Wawelisi, na mara nyingi wazazi walikikubali. Baba Mwelisi, mchimba makaa au mchunga kondoo, alijua kwamba Kiingereza ndicho mlango wa kazi nzuri, naye alitaka mwanawe apite mlango huo. Hakuona kwamba auza kitu. Aliona kwamba anunua. Baba yangu, mtumishi wa reli, alifanya vivyo hivyo, nami siwezi kumlaumu, kwa kuwa chakula nilacho leo chatokana na ununuzi ule. Ukiwahukumu wazazi hao kuwa wasaliti wa mila, umewahukumu kwa kosa la kuwapenda watoto wao katika ulimwengu ambao hawakuutengeneza wao.

Basi je, deni liko wapi? Nasikia wewe msomaji ukisema: lugha ni chombo, kama jembe, jembe jipya likija, la kale hutupwa, wala hakuna anayelilia. Hoja hii ina nguvu kuliko tunavyokubali. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, katika Ziwa Viktoria, wengi wao sasa husema Kijaluo, na bado huvua samaki, huoa na hufurahi. Waelmolo wa Ziwa Turkana waliiacha lugha yao wakashika ya Wasamburu, na bado wapo. Watu hawafi lugha yao inapokufa. Tena nikuambie wazi, nakuandikia haya kwa Kiswahili, ambacho si lugha ya mama yangu wala ya nyanya yangu, nami sikioni kuwa adui. Kisingekuwapo Kiswahili, wewe wa Tanga au wa Bukoba usingenisikia hata kidogo.

Na bado hoja ya jembe hainitoshi. Jembe halina mtu ndani yake. Nilipokosa kumwelewa nyanya, sikukosa chombo, nilimkosa yeye. Lugha haioni uchungu inapoachwa. Haina mwili wa kuumia, wala haina haki ya kudai. Wanaosema kwamba twadaiwa na lugha wasema kwa mafumbo, na mafumbo si hoja. Wanaotudai ni watu. Mzee aliyekusanya maneno kwa miaka themanini adai mtu wa kumsikiliza. Adai hata kama hasemi, hata kama yeye mwenyewe aliamua watoto wafundishwe lugha nyingine, kwa maana alipoamua hakujua kwamba siku moja atakuwa mgeni wa wajukuu wake. Na watoto watakaozaliwa nao wadai kitu: wadai kuchagua. Baba aweza kumchagulia mwanawe lugha ya pili. Akimfungia ya kwanza, amechagua kwa niaba ya wajukuu na vitukuu ambao hawakuulizwa.

Ndiyo maana kazi ya kijana yule usiku haikuwa upuuzi. Kujifunza tena lugha uliyoiacha ni kama kufungua mlango ambao mwingine aliufunga kwa nia njema. Wala hakuwa peke yake. Mwaka 1962 Saunders Lewis, mwandishi wa Wales, alisema katika redio kwamba lugha hiyo itakufa wasipokubali wenyeji kuisumbukia, na mwaka huo huo vijana wakaunda chama cha kuitetea. Walikwenda jela kwa ajili ya vibao vya barabarani. Mwaka 1982 walipata televisheni ya lugha yao, mwaka 2011 sheria iliipa hadhi rasmi katika Wales, na mwaka 2017 serikali yao ilijiwekea shabaha ya kufikia wasemaji milioni moja ifikapo mwaka 2050. Sijui shabaha ile itafikiwa vipi kama watu wazima hawatafungua vitabu usiku.

Kuna Wawelisi wengine waliokwenda mbali kabla ya huyu wa Chebunyo, na habari zao zanistaajabisha. Katika mwaka 1818 wamisionari wa Wales walifika Bukini, nchi iitwayo leo Madagaska, na miaka iliyofuata David Jones na David Griffiths waliiandika lugha ya huko kwa herufi za Kirumi; Biblia nzima ya Kimalagasi ilikwisha pigwa chapa mwaka 1835. Mwaka 1841 Mwelisi mwingine, Thomas Jones, alifika katika vilima vya Wakhasi, huko Bara Hindi, akaiandika lugha yao kwa namna ya tahajia ya Kiwelisi, na hata leo yaandikwa kwa herufi za Kirumi. Wakati huo huo, katika shule za kwao, watoto wa ndugu zao walikuwa wakivishwa kibao. Walikwenda na mambo mengine ambayo hayakuwa mema yote, kwa maana mmisionari hubadili mila anazozikuta. Lakini nadhani waliweza kuiheshimu lugha ndogo ya mgeni kwa sababu walikuwa na lugha ndogo nyumbani. Mtu wa lugha kubwa, asiyepata kulazimika kuiacha, hudhani kwamba lugha ni kama hewa na kila mtu anayo ya kutosha.

Hili lanirudisha kwenye jambo la kujitolea. Hatari ya mwenye kujitolea si uvivu. Wavivu hawavuki bahari. Hatari yake ni kusimama juu. Yeye hutoa, wengine hupokea. Yeye ajua, wengine hawajui. Na mkono wa kutoa, ukizoea, husahau kufunguka upande wa pili. Dawa moja ya hatari hiyo ni kuwa mwanafunzi. Mtu mzima ajifunzaye lugha hana cheo. Mtoto wa miaka sita humsahihisha. Hukosea neno la maziwa akasema la matope, watu wakaangua kicheko, naye hana budi kucheka pamoja nao. Yule kijana alikuwa mwanafunzi mara mbili kwa siku, mchana mbele ya watoto wa Chebunyo na usiku mbele ya marehemu wa kwao, na mimi niliona kwamba watu walimpenda kwa hilo kuliko kwa mashimo ya vyoo aliyosaidia kuchimba. Msiseme kwamba mashimo hayakuwa na faida. Lakini mashimo yangaliweza kuchimbwa na yeyote.

Msomaji, sitaki nikufiche upande wa giza. Upendo wa lugha ya nyumbani waweza kuoza. Biblia ina habari ya watu walioulizwa neno moja, Shibolethi, kwenye kivuko cha mto, na aliyelitamka vibaya aliuawa. Hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika Kenya na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Katika mpaka wa Sotik na Borabu, si mbali sana na Chebunyo, Wakipsigis na Wakisii waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi walichomeana nyumba. Watu walitambuliwa kwa majina na kwa matamshi yao. Wako waliosema baada ya hapo kwamba ni heri lugha za makabila zife zote, na mtu aliyepoteza ndugu katika siku zile ana haki ya kusema hivyo na kusikilizwa. Mimi nilitazama nikaona kwamba waliochoma nyumba walisema pia Kiswahili na wengine Kiingereza, wala lugha hizo hazikuwazuia. Ubaya haukuwa katika kujua lugha ya mama. Ulikuwa katika kukataa kwamba jirani naye ana mama.

Kwa hiyo nina kipimo changu, nacho ni rahisi. Mtu akirudi kwenye lugha ya babu zake, mtazame kama masikio yake kwa lugha za wengine yamefunguka au yamezibika. Yule wa Chebunyo aliandika tebeswet katika daftari moja na maneno ya Kiwelisi, ukurasa mmoja huku, ukurasa mmoja huku. Nimewajua wengine ambao hujisifia lugha yao mikutanoni wala hawawezi kumwamkia mpagazi wao kwa lugha yake.

Sheria zetu zimefanya sehemu yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi, na kwamba dola italinda na kukuza lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Mtaala wa miaka hii wawataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe lugha ya nyumbani. Haya ni mema. Lakini katiba haiwezi kukaa jikoni na mtoto jioni ikamwambia hadithi, na mwalimu aliyepelekwa kutoka mbali hawezi kufundisha lugha ambayo yeye mwenyewe haijui. Hapa tena ni kazi ya kujitolea, na hii haina cheti wala tiketi ya ndege, wala hakuna gazeti litakaloiandika. Pengine ndiyo sababu wenye kuitaka ni wachache. Ni rahisi zaidi kuwa mwema ugenini, ambako hakuna anayekumbuka uliyoyaacha.

Mgeni alimaliza mwaka wake akarudi kwao. Aliniandikia barua moja, na mwisho wake uliandikwa kwa Kiwelisi, mistari mitatu bila tafsiri. Nadhani alifanya hivyo kwa makusudi.

Mwezi wa Desemba uliofuata nilikwenda Chebunyo pasipo likizo ya kumsindikiza mtu yeyote. Shangazi yangu alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akichambua maharage. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba nataka kujua aliyoniambia mama yake usiku ule. Alishangaa kwamba kulikuwa na maneno, kwa maana sikuwa nimemwambia mtu. Nikamtamkia sauti nilizozikumbuka, jinsi nilivyozishika kwa miaka zaidi ya arobaini. Aliinamisha kichwa akasikiliza. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akajaribu mwenyewe, polepole, akizipanga hivi na hivi, kama mtu anayeunganisha vipande vya chungu. Kisha akatikisa kichwa. Nilikuwa nimezishika vibaya, au muda umezila. Hazikuwa maneno tena.

Tulikaa kimya kitambo. Halafu akaondoka akaingia ndani, akarudi na kibuyu cha maziwa, akakiweka magotini pangu. Alikigonga kwa kidole.

"Sotet," alisema, akaningoja niseme.